Muhula wa Ugenini Huamuliwa Nyumbani

Tangazo la nafasi za kubadilishana wanafunzi likibandikwa chuoni, maswali huwa ni yale yale: nauli analipa nani, viza inapatikanaje, na huko baridi ikoje. Ni maswali ya haki. Wapo lakini waliovuka ubalozi salama, wakaivumilia baridi, wakafaulu mitihani kwa lugha ya watu, kisha wakaja kukwama walikotoka, mbele ya afisa wa mitihani wa chuo chao aliyeshika karatasi ya matokeo asijue aiingize wapi. Mwaka ukaongezeka. Wenzao wakavaa joho, wao wakabaki wakirudia kozi ambazo kwa haki walikwisha kuzisoma. Tunaposhauri vijana kuhusu muhula wa nje tunazungumza sana juu ya safari, wakati jambo linaloupa muhula huo thamani au kuufuta kabisa liko katika idara waliyoiacha.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Kwenda nje kwa shahada nzima ni habari ya zamani kwetu. Vijana wa Kenya waliopanda ndege kwenda Marekani kuanzia 1959, katika mpango uliosukumwa na Tom Mboya, walikwenda kuanza na kumaliza huko huko. Nyumbani kilichosubiriwa ni mtu na cheti chake. Mwanafunzi wa kubadilishana yuko katika hali nyingine. Jina lake linabaki kwenye daftari la chuo cha nyumbani, ada analipa nyumbani, shahada atapewa nyumbani. Anachofanya ni kukaa miezi minne au mitano katika madarasa ya wengine na kurudi na alama. Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, kilifanya hivyo mwaka 1923 kilipopeleka wanafunzi wanane Ufaransa kwa mwaka wa tatu wa masomo yao. Kilichotofautisha safari ile na matembezi ya matajiri wa zamani ni kwamba walichosoma Ufaransa kilihesabiwa Delaware.

Kuhesabiwa huko ndiko alikokosa Sofia Corradi. Mwitalia huyu alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ufadhili wa Fulbright, akarudi Roma na shahada ya uzamili katika sheria linganishi. Chuo chake kilikataa kuyatambua masomo hayo katika shahada aliyokuwa hajaimaliza. Baadaye, akiwa mtaalamu wa elimu, alizunguka kwa miaka mingi na pendekezo lake kwa wakuu wa vyuo na mawaziri, hadi mwaka 1987 Jumuiya ya Ulaya ilipoanzisha mpango wa Erasmus. Mwaka wa kwanza walisafiri wanafunzi 3,244 kati ya nchi 11. Leo waliopita humo wanahesabiwa kwa mamilioni, na Corradi amebaki na jina la Mama Erasmus.

Huwa tunasema Erasmus ilifanikiwa kwa sababu Ulaya ina fedha. Fedha zilikuwepo, lakini kwa mwanafunzi mmoja mmoja zilikuwa kidogo, na wazazi wengi walijazia. Kilichoufanya mpango ukue ni kitu kikavu zaidi. Kuanzia 1989 vyuo vilianza kujaribu kipimo cha pamoja, ECTS, ambamo mwaka wa masomo una krediti 60, muhula una 30, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, kuanzia mhadhara hadi kujisomea usiku. Pamoja nacho kukaja mkataba wa masomo: kabla ya safari, mwanafunzi na vyuo vyote viwili husaini orodha ya kozi, na chuo cha nyumbani hujifunga kuzitambua zikifauliwa. Mjadala wote unafanyika kabla ya begi kufungwa. Afisa wa mitihani anayepokea matokeo hana la kuamua, kwa sababu idara ilishaamua miezi sita nyuma.

Sasa tuje kwetu. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi na mwaka una krediti 120. Muhula kwa muhula, 30 za Ulaya ni sawa na 60 za Tanzania, yaani mbili kwa moja. Ni hesabu ya darasa la tatu, lakini hapo hapo ndipo watu wanapoumia. Afisa asiyeijua akiona kozi ya Ujerumani yenye krediti 5, akailinganisha na ya kwake yenye 10 au 12, atasema hii ni nusu kozi, kaongeze nyingine. Ukihesabu kwa saa ubishi unageuka upande wa pili: krediti 5 za Ulaya ni saa zisizopungua 125, na kozi yetu ya krediti 10 ni saa 100. Chuo kinachopokea matokeo bila kuwa na kanuni iliyoandikwa kinamwachia karani mmoja kazi ya Seneti.

Alama ni balaa kubwa zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam humpa A mwenye 70 na kuendelea, na aliyepata 40 amefaulu kwa C. Ujerumani alama bora kabisa ni 1.0, kufaulu ni mpaka 4.0, na 5.0 ni kufeli, kwa hiyo namba ndogo ndiyo habari njema. Ufaransa husahihisha kwa 20, na kufaulu ni 10; walimu wa huko hutoa 16 kwa uchungu, na 20 wengi wao hawaitoi kabisa. Italia husahihisha kwa 30, na chini ya 18 ni kufeli. Sasa chukua wanafunzi wawili wa Dar es Salaam waliofaulu kwa tabu, wakapata alama ya mwisho ya kufaulia, mmoja Paris na mwingine Napoli. Ukigawanya tu kupata asilimia, wa Paris ana 50, nayo ni B. Wa Napoli ana 60, nayo ni B+. Wote wawili walistahili C. Na yule aliyejitahidi Paris akapata 13, alama ya heshima katika darasa lile, ataingia na asilimia 65 na kupewa B+ sawa na wa Napoli aliyeponea chupuchupu. Wajerumani wana fomula yao ya kugeuza alama za nje, maarufu kwa jina la jimbo la Bavaria, inayoanzia kwenye alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulia ya chuo kilichotoa matokeo. Vyuo vya Ulaya vinahimizwa pia kutoa jedwali linaloonyesha ni wanafunzi wangapi katika mia hupata kila alama, ili aliyekuwa katika kumi bora kule apewe alama wanayopata kumi bora huku. Njia zote mbili zinaingia kwenye ukurasa mmoja. Kinachohitajika ni mtu wa kuuandika na kikao cha kuupitisha.

Kalenda nayo ina mitego yake. Muhula wa baridi wa Ujerumani huanza rasmi Oktoba 1 na kwisha Machi 31. Mihadhara huanza katikati ya Oktoba na kukoma Februari, kisha mitihani. Dar es Salaam mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo muhula huo unalingana vizuri na wetu wa kwanza, ingawa anayebaki kumalizia mitihani ya Machi atakuta wenzake wameanza wa pili. Muhula wa kiangazi, ambao mihadhara yake huanza Aprili na kufikia Julai, ni mgumu zaidi: anayeuchagua anapishana na wetu wa pili mwanzoni, na mwishoni anagongana na fildi ya mafunzo kwa vitendo, ambayo kwa kozi nyingi ni ya lazima. Kenya, ambako vyuo vingi hufungua Septemba na kufunga Desemba, inaoana kwa urahisi na muhula wa vuli wa Marekani. Kisha kuna sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli. Ukifeli kozi moja Leipzig, Ujerumani, utaifanyia wapi sapu? Idara ya nyumbani haina mtihani wa kozi hiyo, na ya kule haitakungoja. Swali hili hujibiwa kabla ya kuondoka au halijibiwi kabisa.

Ndiyo maana si kila shahada inaruhusu muhula wa nje kwa usawa. Mwanafunzi wa udaktari au uhandisi ana kozi za lazima zinazofuatana kama ngazi, na akiruka moja anaanguka zote. Wa sheria atakuta kwamba sheria ya ardhi ya Uholanzi haimsaidii mahakamani Dodoma; lakini sheria ya kimataifa, haki za binadamu na sheria ya bahari zinasomwa kote, na akizipanga zikae katika nafasi za kozi za hiari, muhula wake utasimama. Mwenye sosholojia, lugha, jiografia au biashara ana nafasi pana zaidi. Ushauri wa wakongwe wa jambo hili ni kwamba kozi za hiari zitunzwe tangu mwaka wa kwanza, zisimalizwe zote kabla nafasi ya kusafiri haijatokea.

Fedha. Katika sehemu ya Erasmus+, yaani Erasmus ya leo, inayohusisha nchi zisizo za Ulaya, mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayekwenda Ulaya hupewa kati ya yuro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi anayofikia, na fedha za nauli kwa kipimo cha umbali. Chuo kinachompokea hakimtozi ada. Msamaha huo wa ada ni mkubwa kuliko unavyoonekana: Sweden huwatoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya tangu 2011, Finland tangu 2017 na Norway tangu 2023, lakini anayekuja kwa mkataba wa kubadilishana anaingia bure. Tatizo ni mpangilio wa malipo. Posho mara nyingi huanza kuingia baada ya mtu kufika na kufungua akaunti, wakati ada ya viza, bima, amana ya chumba na kodi ya mwezi wa kwanza hudaiwa kabla. Kwa hiyo hata katika mpango unaolipa kila kitu, anayeweza kwenda ni yule mwenye mjomba wa kumkopesha. Chuo kinachotaka haki kingeanzisha mfuko mdogo wa mkopo wa miezi miwili, urudishwe posho ikitoka. Kiasi chenyewe hakifikii gharama ya semina moja ya hotelini. Na anayeishi kwa bumu, yaani posho ya mkopo wa serikali, apate jibu la maandishi kutoka ofisi ya mikopo ya chuo juu ya fedha zake za muhula huo, maana akirudi ndipo aulize, atakuwa amechelewa.

Viza sitaikalia sana kwa sababu taratibu zake hubadilika. La kukumbuka ni kwamba viza ya kawaida ya Schengen hairuhusu zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo muhula mzima unahitaji viza ya kitaifa ya nchi husika, na hiyo huchukua wiki nyingi. Barua ya mwaliko iliyotoka Agosti kwa muhula wa Oktoba ni barua iliyochelewa.

Geuza sasa shilingi uone upande wa pili, kwa sababu Afrika Mashariki inapokea kuliko inavyopeleka. Kabla ya korona, mwaka wa masomo 2018/19, wanafunzi 347,099 wa Marekani walisoma nje kwa krediti za vyuo vyao. Afrika kusini mwa Sahara ilipata chini ya watano katika kila mia, na hata hao ni wengi kwa macho yetu. Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha jimbo la New York kimekuwa kikileta wanafunzi Kenya tangu 1974. Zanzibar, taasisi ya Marekani ya SIT imeendesha kwa miaka mingi muhula wa ikolojia ya pwani, makao yakiwa Mji Mkongwe, ambamo wanafunzi hukaa na familia, hujifunza Kiswahili, na kumaliza kwa utafiti wa kila mtu peke yake. Wanafunzi wa Kiswahili kutoka Ujerumani, Italia, China na Korea nao huja Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), na hawa nadhani ndio wageni wanaotoka na kikubwa zaidi, maana wamekuja kutafuta kitu ambacho nyumbani kwao hakipatikani sokoni wala mtaani.

Mipango mingi inayoleta wageni kwetu, hata hivyo, haibadilishani chochote. Chuo cha nje hukodi nyumba, huajiri walimu wake, baadhi wakiwa wahadhiri wetu hodari wanaotafuta nyongeza ya mshahara, na kufundisha wanafunzi wake wenyewe kwa wenyewe. Mgeni anaweza kumaliza muhula mzima Nairobi au Unguja bila kukaa darasani na Mkenya au Mzanzibari mmoja. Anamjua mama wa nyumba aliyofikia, dereva na mwalimu wa lugha. Ripoti za utafiti wao huandikwa Kiingereza na nyingi zimewekwa wazi mtandaoni, zikiwemo zinazohusu wavuvi, mwani na misitu ya mikoko. Wavuvi waliohojiwa hawana habari nazo. Siwalaumu wanafunzi hao. Wamefuata utaratibu waliopangiwa, wamelipa kibali cha ukaazi, ambacho Tanzania ni cha daraja C, na panapohitajika kibali cha utafiti wamekifuata. Walegevu ni wenyeji, sisi, tuliokubali mkataba usiodai kiti hata kimoja kwa kijana wetu upande wa pili.

Ubadilishanaji wa kweli una hesabu ya mizani. Kila mwanafunzi analipa ada kwao, na vyuo havidaiani mradi waliokwenda na waliokuja wawe karibu sawa. Chuo chetu kikipokea kumi na kupeleka wawili, kinadai viti vinane. Ni akiba. Viti hivyo hukaa bila kudaiwa, na chuo tajiri hakitakumbusha, kwa sababu hakuna deni tamu kama lile lisiloulizwa na mwenyewe. Chanzo cha kutopeleka si fedha peke yake. Chuo kisichokuwa na kanuni ya kutambua kozi hakina hamu ya kupeleka mtu, maana kila anayekwenda ni tatizo litakalorudi.

Jambo linalonishangaza zaidi liko karibu. Kuanzia Juni 1963 hadi Juni 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vishiriki vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam na Nyerere akiwa mkuu wake. Mtanzania aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na Mkenya au Mganda wa sheria alikuja Dar es Salaam. Yoweri Museveni wa Uganda alisoma Dar es Salaam wakati huo. John Garang wa Sudan, aliyekwisha kupata shahada yake Marekani mwaka 1969, alichagua kuja kukaa Dar es Salaam kwa ufadhili wa Watson badala ya kuendelea na masomo huko, na ni Mlimani alikokutana na Museveni na wenzake. Kukaa katika chuo cha jirani kulichangia siasa za nchi mbili kwa miongo iliyofuata.

Leo mwanafunzi wa Dar es Salaam ana njia iliyo wazi zaidi ya kwenda Bayreuth, Ujerumani, kuliko Kampala. Alama zenyewe hazisalimiani: 72 ya Dar es Salaam ni A, ya Nairobi ni A, ya Makerere ni B, maana kule A huanzia 80. Haijalishi kwamba Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala tangu 1980, wala kwamba viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu jijini Dar es Salaam Mei 2017. Tamko halimwingizii mwanafunzi alama kwenye mfumo wa matokeo. Basi linafika Kampala au Nairobi kwa sehemu ndogo ya nauli ya ndege, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inamtambua raia wa nchi mwanachama anayevuka mpaka kwenda kusoma. Na faida za kitaaluma zipo. Anayesomea tafsiri na anahitaji Kifaransa aende Bujumbura au Lubumbashi, ambako atasoma kwa Kifaransa mchana na kununua mboga kwa Kiswahili jioni. Kiswahili cha Lubumbashi peke yake ni somo la muhula. Vyuo vya huko vinafuata mwaka wa krediti 60 kama wa Ulaya, kwa hiyo idara ikishatengeneza jedwali moja la kwenda Leipzig, imeshatengeneza na la Lubumbashi.

Idara tatu za Kiswahili, moja Dar es Salaam, moja Nairobi na moja Makerere, zingeweza kuanza muhula ujao kwa wanafunzi wawili wawili, bila wafadhili, zikibadilishana vyumba vya hosteli. Wakuu wa idara hizo wanajuana kwa majina na hukutana kwenye makongamano kila mwaka. Tunawaomba wakikutana tena watoke na jedwali la kozi na la alama, lililosainiwa.

Nawe uliye na fomu mezani, usikate tiketi kabla mkuu wa idara hajasaini orodha ya kozi utakazosoma, krediti zake zikiwa zimegeuzwa na namna ya kugeuza alama ikiwa imeandikwa. Kozi ikibadilika ukishafika, na mara nyingi hubadilika, tuma barua pepe wiki hiyo hiyo upate idhini mpya. Nakala zote weka kwako. Usitegemee faili la ofisi.